Mtoto asingoje daktari ndipo apewe dawa ya maumivu

Mtoto kaanguka kutoka mwembeni asubuhi, mkono umepinda, anafikishwa kwetu dharura mchana hajaonja hata parasetamoli. Ukiuliza, jibu ni lile lile: "Tuliogopa kuficha ugonjwa." Nimechoka kulisikia, hasa likitoka kwa wahudumu wenzangu.

Wasiwasi huo ni wa kurithi. Zamani wapasuaji walifundishwa kwamba mwenye maumivu ya tumbo asitulizwe mpaka bingwa amshike. Baadaye watoto waliodhaniwa kuwa na kidole tumbo walipewa mofini, dawa kali ya maumivu, katika majaribio, na utambuzi wa ugonjwa haukuharibika. Mtoto anayelia hulikaza tumbo zima, usijue panapouma. Akitulia anakuonyesha mwenyewe. Na mfupa uliovunjika? Eksirei itauonyesha tu, hata akinywa dawa.

Kwa hiyo, kama yu macho na anameza vizuri, mpeni parasetamoli kabla ya kutoka nyumbani: miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kurudia baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mwenye kilo 12 anahitaji miligramu 180, yaani mililita 7.5 za sirapu yenye miligramu 120 katika mililita 5. Pimeni kwa bomba la kupimia dawa, vijiko vya nyumbani havilingani. Andikeni saa mliyompa, nitaiuliza. Wa chini ya miezi 3 aonwe kwanza.

Eti kichanga hasikii maumivu. Hadi miaka ya 1980 huko Ulaya na Marekani vichanga walipasuliwa kwa dawa kidogo mno. Mwaka 1987 daktari Anand na wenzake walionyesha kuwa waliopewa fentanili, dawa kali ya maumivu, walipata matatizo machache baada ya upasuaji. Mama anyonyeshe wakati wa sindano, inasaidia kweli.

Eti aliyenyamaza haumwi. Wengine hunyamaza kwa sababu kila wakijitikisa inauma zaidi.

Kodeini (dawa ya maumivu) ya mtu mzima ikatwe nusu? Hapana, kwa aliye chini ya miaka 12 kamwe. Kuna miili inayoigeuza mofini haraka mno, pumzi ikakatika. Aspirini nayo iacheni.

Na wenzangu: mambo ya "mshikeni wanne, ni dakika moja tu" yaishe. Mkalisheni mapajani kwa mama ndipo mtafute mshipa, wala msimwambie haitauma.