Indie si sauti, na fidla haiifuti

Hivi karibuni nilimpa rafiki yangu albamu aisikilize. Akanirudishia jibu ambalo nimeshalisikia mara nyingi mno: "Ni nzuri, lakini hii si indie tena. Mbona fidla zimejaa kila mahali?" Siku chache baadaye mwingine akanisifia bendi fulani kuwa ni indie halisi, kwa kuwa gitaa lao linakwaruza na mwimbaji wao anaimba kama aliyetoka usingizini. Bendi hiyo hutoa rekodi zake kupitia lebo ya Universal, kampuni kubwa kuliko zote za muziki duniani.

Tuanze na maana. Indie ni muziki uliotolewa nje ya kampuni kubwa za rekodi, ambazo leo zimebaki tatu: Universal, Sony na Warner. Ama msanii kautoa mwenyewe, ama kautoa kupitia lebo inayojitegemea. Pop ya okestra ni nyimbo za pop ambazo mzigo wake umebebwa na ala za okestra: fidla, selo (fidla kubwa yenye sauti nzito), filimbi, tarumbeta na wenzake. Neno la kwanza linakuambia rekodi ni ya nani. La pili linakuambia ndani yake kinapigwa nini. Wimbo mmoja unaweza kuwa vyote viwili, kimojawapo, au usiwe hata kimoja.

Mkanganyiko huu una historia, na historia yenyewe ni tamu. "Indie" ni kifupi cha neno la Kiingereza "independent", yaani anayejitegemea, na lilishika mizizi Uingereza. Mwishoni mwa Desemba 1976 vijana wa bendi ya Buzzcocks, kutoka eneo la Manchester, waliingia studio kwa pesa za kukopa, kama pauni 500, wakarekodi nyimbo nne. Mwezi uliofuata wakazitoa kwa lebo yao wenyewe, New Hormones. Hawakuwa wa kwanza duniani kutoa rekodi wao wenyewe, ila mfano wao uliwaka moto. Kinachonigusa zaidi ni jalada: wameandika kila wimbo ulirekodiwa kwa jaribio la ngapi na kama kuna kilichoongezwa juu yake baadaye. Mmoja umeandikiwa kwamba ni jaribio la tatu na hakuna kilichoongezwa. Ni kama fundi anayekufungulia mlango wa karakana uone hakuna uchawi humo, nawe ukajaribu. Na watu walijaribu kwelikweli.

Lebo ndogo zikazaliana kiasi kwamba mwaka 1980 Uingereza ikaanza kuwa na chati ya indie. Kanuni yake ilihusu mkondo wa usambazaji: rekodi iwe imefika madukani bila kupitia mitambo ya kampuni kubwa. Hakuna aliyeuliza gitaa linasikikaje. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1980 nyimbo za mwimbaji Kylie Minogue, pop ya dansi iliyong'arishwa mpaka ikameta, zilikaa juu ya chati ya indie, kwa kuwa lebo yake ya PWL ilisambazwa na kampuni huru. Wakati huohuo bendi ya The Jesus and Mary Chain, wenye gitaa la kelele ambalo wengi wakilisikia leo wanasema "hii ndiyo indie", rekodi zao za lebo ya Blanco y Negro zilikuwa nje ya chati hiyo, kwa sababu nyuma ya lebo hiyo ilikuwepo Warner. Mfano huu huwa nautoa kila mara, na bado kuna wanaodhani nimekosea.

Basi neno lilihamaje kutoka kwenye mikataba hadi kwenye masikio? Mwaka 1986 gazeti la muziki la NME lilitoa kaseti ya nyimbo 22 iliyoitwa C86, zote za bendi za lebo huru. Nyingi ziliburudisha kwa magitaa mepesi yanayolialia na sauti zisizojitutumua, na wasikilizaji wakaanza kuita mlio ule "indie". Miaka ya 1990 kampuni kubwa nazo zikaona mlio ule unauzika, zikasajili bendi zenye mlio ule, na jina likabaki palepale huku mkataba umebadilika. Silaumu msikilizaji aliyekulia hapo. Jina alilipokea likiwa limeshahama nyumba.

Okestra nayo ina safari yake, na hii ni ndefu zaidi. Kigiriki cha kale "orkhestra" ilikuwa mahali pa kuchezea: ule uwanja wa mviringo mbele ya jukwaa la maigizo, ambapo kundi la waitikiaji liliimba na kucheza. Neno limetokana na kitenzi chenye maana ya kucheza ngoma. Karne nyingi baadaye, opera, yaani maigizo ya kuimbwa, ziliposhamiri Ulaya, mahali hapo mbele ya jukwaa wakawekwa wapiga ala, na jina la sakafu likawapanda waliokaa juu yake. Yaani okestra haikuanza na fidla wala na watu waliovaa suti nyeusi. Ilianza na miguu. Wanaozungumza Kiswahili wana sababu ya kulipenda neno hili, maana bendi za dansi zilizojiita okestra zilikuwa na magitaa, ngoma na tarumbeta, na bila kukusudia zililirudisha neno kwenye asili yake.

Hapa ndipo ninapowaomba watu wawe na subira kidogo, kwa sababu si kila wimbo wenye fidla ni pop ya okestra. Prodyuza anaweza kumaliza wimbo wake, biti na kila kitu, halafu akamwaga fidla juu ili kiitikio kipate mng'aro. Hayo ni mapambo. Mimi hujaribu hivi: naziondoa fidla akilini, nasikiliza kilichobaki. Wimbo ukisimama vilevile, fidla zilikuwa pazia. Ukianguka, zilikuwa nguzo. Sikiliza "Eleanor Rigby" ya The Beatles, ya mwaka 1966. Hamna gitaa mle, hamna ngoma. Kuna sauti za kuimba na wapiga ala wanane: fidla nne, viola mbili, selo mbili. Prodyuza wao George Martin aliwaandikia noti fupifupi zinazochoma, na fundi mitambo akazisogeza maikrofoni karibu mno na nyuzi, karibu kuliko wapigaji walivyozoea, hadi unasikia upinde unavyouma. Ziondoe hizo ala nane, zinabaki sauti zinazoning'inia hewani.

Sasa tuje kwenye kazi mpya, maana hazina haja ya kusubiri mjadala uishe.

Septemba 2025 bendi ya The Divine Comedy, ambao kwa vitendo ni Neil Hannon na anaowaalika, walitoa Rainy Sunday Afternoon. Ni okestra kweli, imepangwa kwa mkono wa mtu anayejua selo inaingia lini na inanyamaza lini. Imerekodiwa Abbey Road, studio zinazomilikiwa na Universal. Je, hilo linamtoa kwenye indie? Hapana. Amekodi chumba. Albamu imetoka kwa lebo yake mwenyewe. Hii ndiyo niliyompa rafiki yangu, na narudia kumwomba aisikilize tena usiku kukiwa kimya.

Miezi miwili baadaye mwimbaji wa Uhispania, Rosalía, akatoa Lux, akiwa na London Symphony Orchestra, akiimba kwa lugha zaidi ya kumi. Fidla mle hazipambi chochote. Zinamkimbiza, zinamzuia, kisha zinamwachia njia. Ni albamu nzito ya okestra, na imetoka kwa lebo ya Columbia, ambayo ni ya Sony. Haipungukiwi kitu kwa kutokuwa indie. Vivyo hivyo bendi ya The Last Dinner Party, wanaoitwa indie kila kona: albamu yao ya kwanza ya mwaka 2024 inafunguka kwa okestra tupu, bila neno la kuimba, na lebo yao ni Island, ambayo ni ya Universal. Wapende, nami nawapenda, ila jina hilo si lao.

Bendi iitwayo Black Country, New Road nao, kwa albamu ya Forever Howlong ya Aprili 2025, wako Ninja Tune, lebo huru ya London tangu 1990. Hawa hawakukodi okestra. Fidla, saksafoni na filimbi ziko mikononi mwa wanabendi wenyewe. Ukubwa wa sauti yao ni wa watu sita wanaosikilizana.

Na kuna kesi inayoniumiza kichwa hata mimi. Mwimbaji wa Marekani Father John Misty alitoa albamu ya Mahashmashana mwishoni mwa 2024, na wimbo unaobeba jina la albamu una zaidi ya dakika tisa za nyuzi zinazopanda kama maji ya mafuriko. Marekani imetolewa na lebo ya Sub Pop. Sub Pop iliwauzia Warner asilimia 49 katikati ya miaka ya 1990, waanzilishi wakabaki na sehemu kubwa zaidi. Wapo wanaosema hiyo si indie tena. Mimi naiita indie, kwa kuwa uamuzi wa mwisho haujahamia Warner, lakini anayebisha hapa anabishania kitu chenyewe, yaani umiliki, na mtu huyo naweza kukaa naye mpaka asubuhi.

Ukitaka kujua, teremka hadi chini kabisa ya ukurasa wa albamu kwenye programu unayosikilizia. Kuna mstari mdogo wenye herufi P ndani ya duara, alama iliyoingia kwenye mkataba wa kimataifa wa Roma mwaka 1961, na baada yake mwaka na jina. Huyo ndiye mwenye haki ya rekodi. Wakati mwingine itabidi uulize tena jina hilo nalo ni la nani. Kwa albamu ile niliyompa rafiki yangu, mstari huo unaishia kwa lebo ya Hannon mwenyewe. Fidla zote alizozilalamikia ziko juu yake, na mstari bado unasoma vilevile.