Si utoto, ni fremu

Jana nimeambiwa tena, na safari hii nimechoka. Rafiki yangu kaitafuta tamthilia ya vituko ya Marekani aliyoipenda utotoni, kafungua sehemu ya kwanza, na wimbo wa mwanzo ulipoingia akashtuka: mbona mzito, mbona unajikokota? Waliokuwa naye wakampa jibu lilelile: "Kumbukumbu za utoto hizo. Ukiwa mdogo kila kitu kina kasi."

Masikio yake yako sawa kabisa. Tamthilia nyingi za Marekani za miaka ya 1970 na 1980 zilipigwa kwa filamu ya milimita 35, fremu 24 kwa sekunde, yaani picha moja moja 24. Mfumo wa televisheni wa PAL, uliotumika Uingereza, Ujerumani na sehemu kubwa ya Afrika, ulikwenda kwa fremu 25. Njia nyepesi ya kuzioanisha ilikuwa kuizungusha filamu kwa 25, basi. Kasi ikapanda kwa asilimia 4 na ushee. Sehemu ya dakika 48 ikaisha kwa dakika 46 na sekunde chache, na hakuna aliyelalamika.

Sauti ndiyo yenye kesi. Ukiiharakisha bila kuirekebisha, hupanda karibu robo tatu ya nusu toni. Tarumbeta zinakuwa kali, shujaa anapata koo jembamba kidogo. Mtoto aliyesikia hivyo kila wiki kwa miaka ameujua wimbo katika ufunguo huo. Nakala ya leo, inayokwenda kwa 24, inamfikia ikiwa imeshuka. Niliwahi kuweka kanda ya zamani na nakala mpya sambamba kwenye programu ya kuhariria, nikazianzisha mlango wa gari unapobamizwa. Baada ya dakika moja kanda ilikuwa mbele kwa sekunde mbili na nusu. Hebu niambie kumbukumbu imeingiaje hapo.

Si kila tamthilia ilipitia njia hiyo. Zilizosafirishwa kwa kanda za NTSC, mfumo wa televisheni wa Marekani, kisha zikageuzwa kuwa PAL zilibaki na kasi yake, ila mwendo wa picha ukawa wa kushtukashtuka. Kwa hiyo kabla ya kubishana, uliza kwanza nakala iliyorushwa ilitoka wapi.

Kuhusu picha nitasema moja tu: ukiona vichwa vimekatwa, mtu kaijaza skrini pana kwa picha ya 4:3, umbo la televisheni za zamani, na robo nzima ya kimo imetupwa. Tafuta nakala yenye mistari myeusi pembeni. Hiyo mistari si kasoro, iache.

Linaloniumiza ni hili. Kazini tumefundishwa kwamba 24 ndiyo kasi sahihi, kwa kuwa ndivyo kamera ilivyozunguka na ndivyo wanamuziki walivyopiga. Nami hurekebisha nakala za zamani hivyo. Lakini mamilioni ya watoto hawakuwahi kuusikia wimbo huo hata mara moja katika kasi hiyo. Ninapourudisha 24, namrudishia mtunzi haki yake na kumnyang'anya mtazamaji kitu alichokitunza kwa uaminifu. Miaka yote hii kwenye kazi, sijaamua nani ana haki zaidi.

Rafiki yangu nilimwandalia nakala ya 25, sauti ikipanda nayo. Tarumbeta ya kwanza ilipolia akaanza kuimba, na akaingia penyewe.