Je, Wajua Kwa Nini Sakafu ya Bahari Imekaa Juu ya Milima ya Oman?

Sisi watu wa Lamu tumezoea kulala ndani ya bahari bila kulowa. Kuta za mji wa kale ni matumbawe. Sogeza taa pale lipu ilipobanduka, utaona vitundu vilivyopangika kama sega la nyuki, pengine na kipande cha chaza. Mawe ya namna hii huchimbwa ng'ambo, kisiwa cha Manda. Miaka kama 125,000 iliyopita ilikuwa miamba hai chini ya maji, bahari ikiwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Maji yakashuka, miamba ikabaki kavu. Hilo halina kitendawili.

Ndiyo maana binamu yangu aliporudi kutoka Maskati na kuweka jiwe barazani, akisema nalo limetoka baharini, hakuna aliyeshtuka. Lilikuwa kama ngumi mbili, zito kuliko lilivyoonekana. Nje kahawia kama chuma kilichoshika kutu. Upande uliovunjika kijani cha kuelekea weusi, umepitiwa na nyuzi nyeupe.

"Hili si tumbawe," ami akasema, akilipima mkononi.

"Si tumbawe, ami. Nimeliokota kando ya barabara ya Nizwa. Jangwani, milimani."

Hapo ndipo kahawa ilipoanza kupoa.

Kutoka Nizwa hadi Maskati ni kilomita kama 160, na njia inapenya pengo la Sumail, katikati ya milima ya Hajar. Kushoto unaandamana na Jabal Akhdar, mlima wa mawe ya chokaa ambao kilele chake, Jabal Shams, kinafika mita kama 3,000. Mawe yale pia yana visukuku vya viumbe wa baharini. Kulia ni vilima vyeusi vyeusi, vimechongoka, havina hata kichaka cha kufunga mbuzi. Jiwe la binamu ni la vilima hivyo, aina iitwayo peridotiti.

Tena, tukisema lilikuwa sakafu ya bahari tunalipunguzia heshima, kwani lilikuwa chini ya sakafu. Chini ya bahari kuu kuna gamba la mawe lenye unene wa kilomita sita au saba hivi, na peridotiti iko chini ya gamba hilo. Baharini bado hakuna aliyetoboa gamba zima akalifikia. Oman unasimamisha gari, unainama.

Limepandaje? Hapa ndipo penye utata, kwa sababu mawe ya bahari kuu ni mazito kuliko ya nchi kavu. Bamba la bahari, yaani kipande kipana cha gamba la dunia kinachosogea polepole, likikutana na bara, kwa kawaida la bahari ndilo linalozama. Oman mambo yalikwenda kinyume.

Chukua nanga nzito, ifunge kamba, na mwisho wa kamba funga chelezo kikubwa. Nanga ikizama chini ya jahazi, inakivuta chelezo mpaka kinaingia chini ya mkuku. Kitaingia kidogo, kisha kitagoma, maana chelezo si kitu cha kuzama. Kamba ikikatika, kinaibuka na kuliinua jahazi.

Nanga ilikuwa sakafu ya bahari ya kale iitwayo Tethys, iliyokuwa imeungana na Arabuni; maungio hayo ndiyo kamba. Chelezo ni ukingo wa Arabuni wenyewe. Jahazi ni kipande kingine cha sakafu, kilichozaliwa miaka milioni 95 hivi iliyopita, na kufikia miaka milioni 70 iliyopita kilikuwa kimeshalala juu ya bara. Baadaye Arabuni ikaendelea kuisukuma Asia, na milima ikazidi kuinuka.

Na zile nyuzi nyeupe? Maji ya mvua hupenya kwenye nyufa yakiwa na kaboni dioksaidi ya hewani, nayo hushikana na madini ya jiwe na kugeuka kitu cha jamii ya chokaa. Kwenye mabonde mengine maji hutoka chini yakiwa makali kama maji ya chokaa, na juu yake hutanda ngozi nyeupe kama ya maziwa yaliyopoa. Wataalamu wanayafuatilia sana mawe haya siku hizi, wakitafuta namna ya kufungia humo hewa chafu ya viwandani. Watu wa kale walifuata shaba tu: vibao vya Wasumeri, watu wa Iraki ya kale, vinataja shaba ya Magan, nchi ambayo wataalamu wengi wanasema ndiyo Oman.

Jangwa nalo lina sifa yake. Mawe haya yangekuwa Usambara, msitu na udongo vingeyafunika, na binamu angepita na gari asijue kitu. Kule yako wazi mpaka Mutrah, bandarini, ambako vilima vyeusi vinasimama nyuma ya nyumba nyeupe.

Jiwe sasa ni la ami. Analizuilia mlango usipigwe na kusi, na kila mgeni akijikwaa lazima asimuliwe habari ya chelezo.