Inulini si insulini iliyodondosha s

"Hii ni insulini ya unga, unakunywa tu, haichomi." Kauli hiyo imeanza kuzoeleka, Mwanjelwa hadi Makambako, na mkebe unaoonyeshwa umeandikwa inulini. Ni kweli, ukiondoa s kwenye insulini unabaki na inulini. Unabaki pia na kitu kingine kabisa.

Inulini ni nyuzinyuzi: mnyororo wa sukari aina ya fruktosi ambao vimeng'enya vya binadamu haviwezi kuukata. Hufika utumbo mpana ikiwa nzima, na huko bakteria, hasa bifidobakteria, huichachua na kutoa asidi fupi za mafuta. Na gesi.

Kinachoponza ni majina. Mwaka 1804 mkemia Mjerumani Valentin Rose aliipata inulini kwenye mizizi ya mmea uitwao Inula helenium, na jina likatoka kwa mmea. Insulini imetoka kwenye insula, yaani kisiwa kwa Kilatini, kwa sababu hutengenezwa katika vile visiwa vya seli za kongosho alivyovieleza Paul Langerhans mwaka 1869. Moja ni ya mzizi, nyingine ya kisiwa. Hata ukoo hawachangii. Insulini ni homoni inayoshusha sukari kwenye damu, protini ya asidi amino 51. Ukiimeza, tumbo huisaga kama linavyosaga maharage, ndiyo maana huchomwa. Kichupa kisichofunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Mkebe wa inulini hukaa kabatini jirani na chumvi.

Je, unga huo una faida? Upo msaada mdogo: baadhi ya watu hushusha sukari kiasi wakiutumia wiki kadhaa, na choo hulainika. Anza na kijiko kimoja cha chai, takribani gramu 3, uongeze polepole. Anayeanza na gramu 15 atajaa upepo na kudhani amelishwa sumu, kumbe bakteria wamepewa karamu bila taarifa. Usiuchemshe muda mrefu na ndimu. Asidi na moto huukata ukarudi kuwa fruktosi. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vina inulini bila mkebe. Ndizi mbichi za Tukuyu zina wanga sugu, ambao nao hulisha bakteria, ila si inulini.

Kwa hiyo mama, ukisema "nimebadilishiwa insulini, sasa nakunywa ya unga", hujabadilishiwa. Umeongezewa nyuzinyuzi. Sindano iko palepale, na dozi yake apange daktari.