Pima Meza Kabla ya Kununua Askari

Wanaoanza kukusanya askari wadogo wa kihistoria huniuliza, "Ninunue wa milimita ngapi?" Nami huwauliza: utakapowapanga, utakuwa unawatazama ukiwa umbali gani? Mimi nakusanya vita vya 1914 hadi 1918 vya Afrika Mashariki, hasa mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, na swali hilo nilijiuliza nikiwa nimeshajaza makabati mawili.

Tuanze na hizo milimita, maana ndizo zinazowapoteza wengi. Namba kama 28, yaani milimita 28, inataja urefu wa kisanamu, na watengenezaji hawapimi namna moja. Wengine hupima kutoka unyayo hadi utosini, wengine huishia machoni kwa sababu kofia huficha utosi. Kwa askari wa tarbushi jambo hilo si dogo. Niliwahi kuagiza pakiti mbili kwa watengenezaji wawili, zote zimeandikwa 28. Nilipowasimamisha bega kwa bega, wa pakiti moja waliwafikia wenzao puani. Kikosi kizima kilionekana kama walimu na wanafunzi wao.

Skeli ya sehemu ni ya kuaminika zaidi: 1/72 maana yake kitu halisi kimepunguzwa mara 72. Mtu wa mita 1.70 kwa 1/72 ni kama milimita 24, kwa 1/32 ni 53, kwa 1/300 hafiki 6. Hesabu hiyohiyo ifanyie na ardhi, na hapa ndipo wengi hawafiki. Kilomita moja ya Tanga kwa 1/32 inataka mita 31 za sakafu. Kwa 1/72 ni karibu mita 14, na hata kwa 1/300 ni mita 3 na ushei. Hakuna meza ya nyumbani inayobeba vita kamili kwa skeli moja.

Alilijua hilo Kapteni William Siborne. Mwaka 1830 mwanajeshi huyo wa Uingereza alikaa miezi kadhaa palepale Waterloo, Ubelgiji, aliposhindwa Napoleon mwaka 1815, akipima mashamba, kisha mwaka 1838 akaonyesha London sanamu ya uwanja mzima yenye askari zaidi ya 70,000. Kila maili moja ya ardhi aliifanya kuwa futi 9. Kwa kipimo hicho mtu angekuwa na milimita 3 tu, mdogo kuliko punje ya mchele, lakini wake wana kama milimita 10. Wamezidi zaidi ya mara tatu, na kazi hiyo, ambayo sasa ipo National Army Museum, jumba la makumbusho la jeshi huko London, bado inasomeka vizuri. Kwa hiyo asikutishe mtu kwamba ardhi na askari lazima vilingane.

Nikitaka kumwona mtu, nachukua milimita 54. Ni kipimo kilichoenezwa na kampuni ya Britains ya London, iliyoanza mwaka 1893 kutengeneza askari wa madini ya risasi walio wazi ndani, na miongoni mwa seti zake wamo Keya wetu, King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Kwa urefu huo askari wa upande wa Wajerumani anaweza kupakwa tai wa mbele ya kofia na vitambaa vya buluu vilivyozungushwa kwenye mashavu ya miguu. Utamwonyesha hata ile bunduki kuukuu ya 1871, ambayo baruti yake ilitoa moshi uliomfichua mpigaji. Kwa milimita 6 hayo yote ni nukta tatu za rangi.

Lakini Tanga yenyewe niliipanga kwa milimita 6. Wanajeshi kama 8,000 wa Uingereza kutoka India waliteremka pwani, wakakabiliwa na watu kama 1,000. Ukiweka kisanamu kimoja kwa kila watu kumi, unapata 800 kwa 100, na ukirudi nyuma hatua mbili unaona kwa macho yako jinsi wachache walivyowarudisha wengi baharini.

Kati ya hizo mbili ipo 28, nzuri kwa doria: askari ishirini, bombomu moja, na wapagazi. Hapa nina neno zito kidogo. Katika vita hivi wapagazi walikuwa wengi kuliko wapiganaji, na Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kwao. Kabla hujachagua skeli, tazama kama ina wapagazi. Kwa 28 wanapatikana. Kwa skeli nyingine huenda ukalazimika kuwachonga mwenyewe kutoka kwa visanamu vya raia. Nimewachonga, na siwezi kupanga msafara usio nao.

Mwenye fedha kidogo aanze na 1/72 ya plastiki, ambayo kampuni ya Airfix ya Uingereza ilianza kuieneza mwaka 1959. Waoshe kwa maji na sabuni kabla ya kupaka rangi, la sivyo rangi itabanduka kwenye mitutu, maana plastiki hiyo hupinda.

Kabla hujalipa, kata vipande vya karatasi kwa urefu wa 54, 28, 24 na 6, uvisimamishe pale watakapokaa askari wako. Weka na mnazi: wa mita 20 kwa 1/72 ni sentimita 28, kwa 1/32 ni sentimita 62. Kisha pima kimo cha rafu ya kabati lako.