Aina za sonona na jinsi madaktari wanavyozitenganisha

Ndugu wa mgonjwa wa sonona kwa kawaida huuliza kwanza kilichomsibu: ni msiba, ni deni, au ni ndoa iliyovunjika? Daktari wa magonjwa ya akili naye huyasikiliza hayo yote, lakini aina ya sonona haiamuliwi kwa chanzo chake. Mgawanyo wa zamani, uliotenga sonona inayotoka mwilini na ile inayoletwa na masaibu, uliwekwa kando mwaka 1980 katika toleo la tatu la mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, kwani mara nyingi madaktari wawili walimpa mgonjwa yuleyule majina tofauti. Kinachoangaliwa sasa ni dalili, muda wake na historia ya mgonjwa.

Sonona kuu, kwa mujibu wa toleo la tano la mwaka 2013, huhitaji dalili zisizopungua 5 kati ya 9, zinazojitokeza karibu kila siku kwa wiki 2, na mojawapo lazima iwe moyo mzito au kukosa hamu ya mambo ambayo mtu aliyafurahia. Nyingine ni kama usingizi kuharibika, uchovu, kujiona hufai na kuwaza kifo. Toleo hilo pia liliondoa kanuni iliyomkinga mfiwa asiitwe mgonjwa kwa haraka katika miezi 2 ya kwanza ya msiba, jambo lililozua ubishi mkali na wa haki.

Sonona sugu inaweza kuwa na dalili chache zaidi, lakini humkaa mtu mzima miaka 2 au zaidi, hata watu wa nyumbani wakaamini kwamba ndivyo alivyoumbwa.

Juu ya majina hayo huongezwa maelezo: kwamba dalili zilianza wakati wa ujauzito au punde baada ya kujifungua, kwamba mgonjwa anasikia sauti za kumlaani, au kwamba hurudi kila majira ya baridi, hali inayohusu zaidi nchi zilizo mbali na ikweta.

Mpaka wenye uzito kuliko yote, hata hivyo, ni ule kati ya sonona ya kawaida na sonona ya ugonjwa wa baipola, ambao humpandisha mtu hisia kupita kiasi na kumshusha kwa zamu, kwa kuwa mgonjwa anapokuwa chini hali hizo mbili zinaweza kufanana kabisa. Ndiyo maana daktari makini humuuliza mke, mume au mzazi kama kuna wakati mgonjwa alilala kwa muda wa saa tatu tu na kuamka na nguvu tele, akasema mfululizo bila kukatizwa, au akatapanya akiba yake kwa mipango mikubwa. Jibu likiwa ndiyo, matibabu hubadilika: dawa za sonona zikitolewa peke yake zinaweza kumrusha mgonjwa wa aina hiyo kwenye mania, yaani ile hali ya kupanda kupita kiasi, kwa hiyo huanzishiwa kwanza dawa za kutuliza mabadiliko ya hisia, kama vile lithiamu.