Kwa nini ukaguzi wa seli hauikamati selimundu

Nafanya kazi ya jenetiki hapa Mwanza, na Kanda ya Ziwa ni kati ya sehemu za Tanzania zenye watoto wengi wa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu. Wazazi wakisikia kwamba seli huzikagua jeni zenye hitilafu, huuliza: mbona hii imepita? Ni swali la msingi kabisa, na jibu lake limo katika kile ambacho ukaguzi huo hukitazama.

Jeni hunakiliwa kwanza kuwa RNA mjumbe. Ribosomu, yaani mtambo wa seli wa kutengeneza protini, huisoma nakala hiyo herufi tatu tatu, kila utatu ukileta asidi amino moja, yaani tofali moja la protini, mpaka ikutane na amri ya kusimama: UAA, UAG au UGA. Hapo husimama. Lakini herufi moja ikibadilika, amri ya kusimama inaweza kuzuka katikati. Katika aina ya thalasemia (upungufu wa damu wa kurithi) iliyoenea kisiwa cha Sardinia, Italia, utatu wa 39 wa jeni ya beta-globini, mnyororo mmojawapo wa himoglobini, umegeuka kutoka CAG kuwa UAG, na protini ya asidi amino 146 hukatika hata theluthi haijafika.

Seli inajuaje kwamba amri hiyo imewahi mno? Hapa ndipo panaponivutia zaidi. Ndani ya kiini, vipande vya nakala visivyohitajika hukatwa, na vinavyobaki, yaani eksoni, huunganishwa. Karibu na kila kiungo, nyukleotidi (herufi) 20 hadi 24 kabla yake, hubandikwa kundi la protini kama alama. Ribosomu ya kwanza ikipita huzibandua alama hizo. Amri halali kwa kawaida iko kwenye eksoni ya mwisho, kwa hiyo ribosomu ikisimama hapo, mbele hakuna alama tena. Daladala ya Buhongwa kwenda mjini ikishusha abiria wote Mkuyuni, kila mtu anajua kuna tatizo, maana vituo vimebaki. Alama ikibaki mbele, protini UPF1 hushirikiana na UPF2 na UPF3, kimeng'enya SMG1 huitia UPF1 fosfeti ili kuiwasha, kisha kimeng'enya kingine, SMG6, huikata nakala na mabaki yake humeng'enywa. Jeni yenyewe haiguswi, ila sauti yake imezimwa.

Faida ya ukaguzi huu huonekana pale unaposhindwa. Amri ya namna hiyo ikizuka kwenye eksoni ya tatu ya beta-globini, ambayo ndiyo ya mwisho, nakala hupona. Protini pungufu hurundikana katika seli zinazotengeneza damu, na mtu huweza kuugua kwa jeni moja tu mbovu. Mwenye jeni moja ya utatu wa 39 kwa kawaida hupungukiwa damu kidogo tu.

Sasa selimundu. Utatu wa 6 wa jeni hiyohiyo ya beta-globini, GAG, huwa GUG; asidi ya glutamiki hutoka, valini huingia. Amri ya kusimama iko palepale, alama zote zimebanduliwa, nakala inaonekana nzima. Ukaguzi huu haupimi ubora wa protini hata kidogo.

Ndiyo maana dawa za kuifanya ribosomu iruke amri ya mapema haziwezi kumfaa mtoto wa selimundu. Dawa ya haidroksiurea anayopewa hupita njia nyingine: huongeza himoglobini ya kichanga, ambayo haina mnyororo wa beta kabisa.